Kwa Haji, kuhusu pikipiki isiyo na breki

Mwanakwerekwe, Unguja

Sheikh Haji,

Assalamu alaykum. Barua yako nimeipata, na nimefurahi kusikia nyote wazima huko Wete. Umeniuliza kama mwanao, hodari wa bodaboda, aweza kuishi kwa hiyo spidiwei anayoiangalia kwenye simu, yaani mbio za pikipiki za kuzunguka uwanja wa udongo. Ni kazi kweli, wako watu wanaoifanya, lakini uhodari wa bodaboda peke yake hautamfikisha.

Pikipiki yenyewe ni silinda moja, 500 cc, gia moja, breki hakuna hata moja. Huzunguka kwa kushoto tu. Kwenye kona usukani unaelekezwa kulia, gurudumu la nyuma linateleza kwenda nje, na mguu wa kushoto wenye kiatu cha chuma unaburuzwa chini. Huko kuteleza ndiko kunakopunguza mwendo. Wanagenzi huumia hapohapo: wakiona uzio wanafunga mafuta, tairi ya nyuma inashika ardhi ghafla, pikipiki inanyooka na kwenda nao ukutani. Inatakiwa uendelee kuvuta mafuta, mwili mbele. Mkononi hufungwa kamba ya kuzimia injini, ukianguka inachomoka.

Kinachochomwa ni methanoli, si petroli. Huipoza injini, ndiyo maana injini inastahamili mgandamizo mkubwa. Ubaya wake inanyonya unyevu, na hewa yetu ya pwani unaijua. Ikikaa ndani, kabureta italiwa na kutu, vijitundu vyake vizibe. Imwagwe kila baada ya mashindano, kabureta isuuzwe kwa petroli. Moto wake mchana hauonekani, na ukiimeza inapofua macho. Nyinyi huko mna tabia ya kuvuta mafuta kwa mpira mdomoni. Hii hapana!

Mbio moja ni madereva wanne, mizunguko minne, dakika moja hivi. Wa kwanza pointi 3, kisha 2, 1, na wa mwisho sifuri. Kwenye ligi malipo mengi hufuata hizo pointi, na gharama ni za dereva: pikipiki mbili au zaidi, fundi, gari, tairi. Poland ndiko penye fedha, na wiki moja mtu aweza kukimbia huko, Sweden na Denmark, akilala garini. Ivan Mauger na Tony Rickardsson walifika ubingwa wa dunia mara 6 kila mmoja. Wengi hawapati hata pesa ya kurekebisha injini. Mfupa wa bega kuvunjika ni jambo la kawaida.

Visiwani kiwanja hatuna. Watoto wa Ulaya huanza na injini ndogo kabla ya 500, naye aanze na pikipiki ndogo kwenye uwanja wa vumbi, azunguke kushoto, kofia na buti zisikosekane.

Ufundi kwanza, lakini. Uwanja ukiwa mkavu unateleza, sproketi ya nyuma, lile duara la meno linaloshika mnyororo, hupunguzwa jino tairi isizunguke bure. Ukiwa mzito, unaonata, huongezwa. Jino moja tu dereva analihisi. Skuli zikifungwa mlete, nitamfundisha kufungua kabureta.

Nduguyo,
Makame