Barua ya wazi kwa Mheshimiwa: Taa za ufukweni zinaumeza mnara wa Nungwi

Mheshimiwa uliyekabidhiwa usalama wa vyombo vya baharini,

Assalaam alaykum.

Barua zetu mbili kuhusu taa hizi unazo mezani tangu kabla ya upepo wa kusi kuingia, na hatujapata hata neno la kuzipokea. Sasa naandika hadharani, kwa sababu usiku wa kuamkia Ijumaa mashua yetu imepanda mwamba.

Kaka yangu ndiye aliyeshika usukani, mtu aliyekulia bahari hii. Yeye na wenzake walikuwa wakitoka upande wa kisiwa cha Mnemba, maji yanakupwa na mwezi haujatoka. Alitafuta taa ya mnara wa kuongozea vyombo ili aujue mlango wa kuingilia, akakuta pwani nzima inawaka: taa nyeupe, za buluu, na mahali pamoja taa za muziki zinazowaka na kuzimika. Mpaka alipoitambua ya mnara ni ipi, mkuku, ule uti wa chini wa mashua, ulishagonga jiwe. Mwenzao mmoja amevunjika mguu. Waliobaki wametoka salama, alhamdulillahi.

Asubuhi nilishuka kuitazama. Taruma mbili, zile mbavu za mashua, zimekatika. Ubao wa chini umepasuka, mkono wangu ulipita hadi kwenye kiwiko. Kalafati ya kuziba nyufa upande mzima imetoka, pamba inaning'inia nje. Mashua hiyo niliinunua kwa mkopo wa kikundi, Mheshimiwa, na marejesho hayangoji mbao. Aliyevunjika mguu ana watoto wadogo, na mkewe amekuja kwangu kuuliza watakula nini. Sikuwa na jibu la kumpa.

Naomba nieleweke: mnara wetu ni mzima na unafanya kazi, shukrani ziwafikie wanaoutunza. Lakini taa ya mnara haitambulikani kwa ukali wake tu. Humulika, ikapotea, ikamulika tena kwa kipimo kile kile, na nahodha huhesabu kimoyomoyo mpaka awe na yakini kwamba hii ndiyo ya Nungwi na si nyingine. Hesabu hiyo inataka kiza nyuma yake. Ukiipanga taa hiyo katikati ya mamia ya taa kali zilizoelekezwa baharini, na baadhi yake nazo zinamulika na kupotea, basi umemwachia nahodha kubahatisha.

Na hapa si pahala pa kubahatisha. Rasi hii ndiyo ncha ya kaskazini ya Unguja, na mkondo wa Pemba unakuvuta hata ukiwa na injini. Hatujasahau usiku wa tarehe 10 Septemba 2011, meli ya MV Spice Islander I ilipozama ikielekea Pemba. Ilizama kwa kuzidishwa abiria na mizigo, sizisingizii taa katika hilo. Nakumbusha tu kwamba vyombo vya Nungwi vilikuwa miongoni mwa vilivyotoka kwenda kuokoa. Manahodha wa vyombo hivyo ndio leo wanaopapasa njia ya kurudi nyumbani.

Ulipokuja kijijini ulituambia kwa kinywa chako kwamba wenye majengo ya ufukweni wataandikiwa wageuze taa zao, na kwamba kusi haitaingia jambo hili halijakwisha. Wazee walikushukuru, wakakuombea dua. Kusi imeingia. Taa ziko pale pale, na zimeongezeka.

Nahisi barua zetu zimekwama kati ya ofisi na ofisi: ya utalii inadhani ni la bandari, ya bandari inadhani ni la mazingira. Pengine pia yuko anayeogopa kuwaudhi wawekezaji. Sisi si maadui wa hoteli, watoto wetu wanafanya kazi humo na samaki wetu wanaliwa humo. Wageni nao wanapanda boti za jioni zinazorudi magharibi ikishaingia, kwa hiyo hili ni lao vilevile.

Hata kasa wanadhurika. Pale Mnarani, jirani kabisa na mnara, wanakijiji wanatunza bwawa la kasa tangu 1993. Vifaranga wakitoka mchangani usiku hufuata upande wenye mwanga zaidi, ambao kwa asili ni bahari. Taa za ufukweni huwageuza wakaelekea nchi kavu, wakafa njiani. Kwa hiyo hata ofisi ya mazingira ina sababu yake ya kukuunga mkono.

Mkataba wa kimataifa wa usalama wa maisha baharini, SOLAS, katika sura yake ya 5 unazitaka serikali ziweke alama za kuongozea vyombo kulingana na wingi wa safari na ukubwa wa hatari. Mnara tumeshawekewa. Tunaomba uonekane.

Hatuombi fedha. Fidia ya mashua yangu siombi kwako. Tunaomba agizo moja, kwa maandishi, lenye tarehe: kila taa iliyotazama baharini kuanzia mnarani ielekezwe chini au ikingwe upande wa maji, na za muziki zinazomulika ziondolewe ufukweni. Ni kazi ya fundi mmoja na ngazi. Usiku wa kiza unarudi mwisho wa mwezi huu na vyombo vitatoka, kwa sababu lazima watu wale. Agizo hilo lifike kabla yao, Mheshimiwa. Taa zielekezwe chini.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mwenye mashua, Nungwi