Barua kwa mwanangu anayevuka kwenda Chumbe

Mwanangu Zuwena,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Sisi huku Pemba wazima, alhamdulillahi. Mama yako presha ilimpanda wiki iliyopita, sasa imetulia, usimpigie simu kumhoji maana ataniuliza nani kakwambia. Barua hii naiandika kwa mkono na Hamadi ataipiga picha akurushie. Kwenye simu unanikatiza, na safari hii nataka niseme mpaka nimalize.

Umeshawaambia kwamba hujui kuogelea?

Juzi nilipokuuliza ulinijibu, "Baba, majaketi yapo." Kwamba majaketi yapo najua. Nilichouliza ni kama kuna mtu, katika hao wenzako wa chuo au katika walinzi wa kisiwa cha Chumbe, anayejua kuwa wewe maji yakipita kifua huna ujanja. Nakujua, mwanangu. Utapanda boti na wenzako, mtafika, mtagawiwa miwani na mrija wa kupumulia, wataruka na wewe utaruka. Kwa haya tu. Binti wa mvuvi, tena wa Pemba, atafungua vipi kinywa mbele ya vijana wa mjini aseme hajui kuogelea?

Afungue. Aseme kabla hajaingia botini.

Nilikuwa nikisema bahari si pahala pa mtoto wa kike. Juzi nimeyasikia maneno hayo hayo kwa mjomba wako, barazani, kuhusu safari yako, na hayakunipendeza hata kidogo. Nilimjibu kuwa Zuwena anasomea bahari chuo kikuu, na kwamba mimi nimevua miaka yote hii bila kujua nusu ya anayoyajua yeye. Akanyamaza. Basi jua kuwa huku ninakusemea vizuri.

Lakini Julai ni Julai. Kusi linavuma, na njia ya Chumbe ndiyo njia ileile. Meli ya Julai 2012 ilizama karibu na kisiwa hichohicho unachokwenda, mchana kweupe, ikitoka Dar es Salaam, na kusi lilikuwa kama hili la sasa. Sina haja ya kukusimulia, ulikuwa mdogo lakini ulikuwepo nyumbani siku ile na unajua mama yako aliipokeaje. Jina la meli ile halitajwi mbele yake, nawe usije ukamwambia Chumbe iko wapi khasa. Yeye anajua tu unakwenda "kisiwani kwa fildi". Naitwisha roho yangu peke yangu.

Najua utasema boti yenu ni ndogo, inatoka pwani ya Unguja, haivuki mkondo mkubwa wa Dar. Kweli. Kutoka Forodhani hadi Chumbe hazizidi kilomita 13 au 14, na nahodha wa huko anaijua njia. Sina shaka na nahodha. Nina shaka na ulimi wako.

Sasa sikiliza mambo ya jaketi, maana watu wengi huvaa kama koti la harusi. Livae kabla boti haijaondoka, si mawimbi yakianza. Lifunge vifungo vyote, halafu mwambie mwenzako alivute juu kwa mabega. Likipanda mpaka masikioni ni kubwa, badilisha. Jaketi kubwa huelea peke yake na mwili ukabaki chini. Mkifika, usilivue kwa sababu umeona mchanga. Maji yakiwa yamekupwa boti haifiki ufukweni, mtashuka na kutembea majini juu ya mawe makali, kwa hiyo vaa raba. Na baibui liache bandani. Nguo pana ikijaa maji inakuvuta chini, hilo nimeliona kwa macho yangu. Mama yako amekushonea suruali na kanzu fupi ya mikono mirefu, kitambaa chepesi kinachokauka upesi, stara imo na mguu unachezeka. Alishona bila kuuliza ni ya nini. Labda anajua zaidi ya ninavyodhani.

Ukiwa majini kwenye mwamba, mkondo ukikuchukua, usishindane nao. Lala chali, inua mkono mmoja, acha jaketi likubebe, watakuja. Ukipiga maji kwa hofu utachoka kabla hawajakuona. Na uangalie mwezi kabla hujaingia. Siku za bamvua, mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji ya kwetu hupanda na kushuka kiasi cha mita nne, na maji mengi hivyo hayapiti taratibu. Siku za maji mafu, yasiyopanda wala kushuka sana, ndizo zako wewe. Kama ratiba ya chuo imeangukia bamvua, kaa kwenye kina cha kiuno uhesabu majongoo bahari, hakuna atakayekupunguzia alama kwa hilo.

Walinzi wa Chumbe waamini. Wengi wa wale wa mwanzo walikuwa wavuvi kama mimi, wakafundishwa kazi ya ulinzi na ya kuongoza wageni. Hawana bunduki. Mvuvi akiingia eneo lililofungwa wanamfuata kwa boti na kuzungumza naye, wanamweleza kwa nini. Mtu anayeweza kumgeuza mvuvi mwenye njaa kwa maneno matupu hatamcheka msichana asiyejua kuogelea. Mfuate mmoja, mkubwa kuliko wote kwa umri, umwambie, "Shikamoo baba, mimi sijui kuogelea." Maneno matano tu.

Nakumbuka tulivyokuwa tukiizungumza Chumbe. Zamani ilikuwa haiendeki, kwa sababu ya jeshi na kwa sababu ya njia ya meli, na wavuvi wa ngalawa wengi hawakuwa na haja ya kwenda mbali hivyo. Halafu mwaka 1994 Serikali ikautangaza mwamba wa upande wa magharibi kuwa hifadhi, na msitu wa kisiwa nao ukafungwa. Ikawa hifadhi ya bahari inayoendeshwa na kampuni binafsi, jambo ambalo hatukuwahi kulisikia. Dagoni, kambini kwetu wavuvi, tulilalamika sana. Tulisema bahari ya Mungu inafungwaje kwa ufunguo wa mtu? Lakini nilipokwenda dago upande wa Fumba miaka ya baadaye, niliwaona wenyeji wakisogeza madema yao, mitego ya samaki, karibu na mpaka wa hifadhi, karibu kabisa, kila mwaka karibu zaidi. Mvuvi hatii dema pasipo na samaki. Sikuhitaji mtaalamu wa kunieleza.

Kwetu Pemba, kisiwa cha Misali ni tofauti, na ningependa uwaeleze hilo wenzako, maana watu wa mjini wanadhani hifadhi ni ya aina moja. Misali wavuvi wanalala, wanavua, ni sehemu tu iliyofungwa kabisa. Tangu ilipohifadhiwa mwaka 1998 masheikh walikuja kukaa na sisi, wakatusomea ile aya ya Suratul Rum inayosema ufisadi umedhihiri bara na baharini kwa yaliyofanywa na mikono ya watu. Kijana mmoja aliyekuwa akitumia baruti aliinama mpaka mwisho wa darasa. Kisiwa chenyewe wazee wanasema kiligeuzwa msala wa kusalia na Nabii Khidhri, kinaelekea kibla. Pahala kama hapo mtu huogopa kuharibu hata kama hakuna mlinzi. Sijui Chumbe ina nini cha kumtia mtu hofu hiyo, labda yale matumbawe yenyewe.

Hayo matumbawe uyaangalie kwa niaba yangu. Wanasema zaidi ya aina 200 za matumbawe magumu ziko katika kipande kile kidogo cha mwamba, na samaki aina zaidi ya 400. Mimi nimeona aina nyingi zikiwa zimekwama kwenye wavu, kwa hiyo nimeziona zimekufa. Mwaka 1998 maji yalipopata joto, huku Misali matumbawe yalikuwa meupe, na yaliyobaki meupe muda mrefu yalikufa, yakaota majani. Mwaka 2016 joto lilirudi. Ukiona tumbawe jeupe usidhani ni rangi yake. Na usiguse, wala usisimame juu yake ukichoka. Ndiyo maana nasema jaketi: asiyejua kuogelea akichoka hutafuta pa kukanyaga, na pale pa kukanyaga ndipo palipochukua miaka kukua. Hapo unajiumiza wewe na unauumiza mwamba.

Ukimwona kiti cha pweza, yaani nyota ya bahari, mkubwa mwenye miiba mwili mzima, mwachie mlinzi. Miiba yake ina sumu, naye hula matumbawe, walinzi wanamwondoa wenyewe kwa vifaa.

Usiku usitembee peke yako. Kaa wa nazi hutoka usiku, wale wakubwa wanaoweza kufika kilo nne. Hawatakufuata, wanataka kula tu, lakini gando lao huvunja nazi, sembuse kidole. Hao ajabu yao ni kwamba wanaishi nchi kavu, wakitumbukizwa majini wanazama. Ukiwaona ujue kuna wenzako. Na kama una bahati utamwona paa nunga msituni. Wamebaki wachache Unguja kwa kuwindwa, wengine wakapelekwa Chumbe ili wapate pa kujificha. Babu yako alikuwa akimsifu paa nunga kwa nyama. Wewe utamsifu kwa jambo jingine, na ni vizuri.

Maji ya kunywa na kuoga usiyachezee. Kisiwa hakina kisima wala chemchemi, ni jiwe la matumbawe tupu, maji yote ni ya mvua yanayokingwa kwenye mapaa na kuhifadhiwa chini ya nyumba. Vyoo havimwagiwi maji, vinatengeneza mboji. Umeme ni wa jua. Hapo nyumbani ulikuwa ukiacha bomba wazi mpaka ndoo inafurika ukiwa na simu mkononi, nami nikisema naambiwa nagomba. Wakikukuta unafanya hivyo Chumbe watakuuliza umelelewa wapi, na utawajibu nini?

Nyingine ni hili la paa letu. Tumetoa makuti upande wa jikoni tuweke bati, bati nane zimeshanunuliwa, bado misumari na fundi. Mikarafuu ya bondeni imezaa vizuri mwaka huu, mama yako anasema tusubiri tuuze kwanza. Hamadi ana mtihani wa kidato cha nne na anashinda uwanjani. Ukizungumza naye mwulize hesabu, usimwulize mpira. Mimi akinijibu kwamba anasoma, siwezi kumkagua, vitabu vyake vinanishinda. Wewe unaweza. Kaka yako wa Wete ameleta dagaa, tumekuwekea.

Mashine ya boti bado iko kwa fundi. Bila mashine sijaingia baharini mwezi huu, ndiyo maana nina muda wa kukuandikia kurasa hizi. Mama yako anasema nimekuwa mkali. Sivyo. Ninakaa pwani asubuhi nikiangalia upepo, na kila ukizidi nakuona wewe ndani ya boti umekaa kimya.

Pwani huku kuna wasichana wanaojifunza kuogelea sasa, wanafundishwa na mwalimu wa kike, kwenye maji ya kina cha goti kwanza. Nimemwuliza mwalimu kama anapokea mtu mzima. Anapokea. Ukija likizo ya chuo nimeshamwambia jina lako, na nimemwambia utakuja na mama yako awe amekaa ufukweni anaona, roho yake itulie. Usikatae. Nitakupeleka mwenyewe na nitageuka nisikuangalie kama unaona haya.

Hela ya nauli nimemtumia binamu yako kwa simu, mwombe leo kabla hajaitumia. Raba za miguu na nguo aliyoshona mama yako nimezifunga kwenye mfuko mweupe, zinakuja na meli ya Jumatano, kapokee bandarini Malindi mapema. Ndani kuna filimbi. Ifunge kwenye kamba ya jaketi, upande wa kushoto, si mfukoni.

Halafu unijibu lile swali. Andika tu "nimewaambia", na jina la uliyemwambia, nimpigie nimshukuru.

Baba yako