Baiskeli inakuja ndani ya boksi

Hoofddorp, Uholanzi
Jumatatu jioni

Wapendwa Baba na Mama,

Shikamooni. Natumaini hamjambo nyote, na Bibi miguu imempa nafuu. Mimi ni mzima. Safari yangu ya baiskeli kando ya mto Rhine imekwisha Hoek van Holland, mto unapoingia baharini, na sasa niko karibu na uwanja wa ndege wa Schiphol. Natua KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, Alhamisi usiku, Mungu akipenda.

Mdogo wangu, sehemu kubwa ya barua hii ni yako, kwa kuwa wewe ndiye utakayenipokea na ndiye utakayeshika spana tukifika Moshi.

Kwanza usafiri. Usije na gari dogo. Boksi la baiskeli lina urefu wa karibu sentimita 140, kimo 80 na upana zaidi kidogo ya 20. Noah inatosha ukikunja viti vya nyuma. Boksi lisimame, likishindikana, lilale upande wa kushoto, kwani upande wa kulia ndiko ziliko gia. Ukipita Bomang'ombe ukakata kushoto kuingia KIA, huna haja ya kukimbia. Barabara ile ina tochi nyingi za trafiki, nami nitachelewa kutoka kwa sababu mizigo mikubwa mara nyingi huletwa peke yake, si kwenye mkanda.

Kufunga baiskeli ndani ya boksi nitafanya Jumatano, si asubuhi ya safari. Kazi inachukua saa mbili bila haraka, na haraka ndiyo inayoacha bolti juu ya meza. Boksi linatoka duka la baiskeli, lile lile ambamo baiskeli mpya huja kutoka kiwandani. Inabidi kuliomba siku kadhaa kabla, maana wenye maduka huyakata na kuyatupa.

Kinachoanza ni pedali, magurudumu yakiwa bado mahali pake, ili baiskeli isimame imara unapolazimisha spana namba 15. Pedali ya kulia hufunguka kinyume cha saa. Ya kushoto ina uzi wa kinyume, kwa hiyo hufunguka kwa kufuata saa. Wengi huharibu mkono wa pedali hapo: wanaona haitoki, wanaongeza nguvu, kumbe wanaikaza. Zikitoka, zipakwe grisi kwenye uzi.

Kisha siti. Kabla ya kuishusha zungushia selotepu mahali nguzo inapoingia kwenye fremu, urefu wako usipotee. Usukani unafunguliwa bolti nne za mbele kwa alenki (spana ya pembe sita) ya milimita 4 au 5, halafu unafungwa ubavuni mwa fremu bila kukunja mipira ya breki. Bolti zirudishwe papo hapo kwenye matundu yake. Usiziweke mfukoni.

Mashine ya gia ya nyuma ndiyo inayoumia kuliko kitu kingine chochote. Imeshikwa na kipande chembamba cha alumini ambacho kimetengenezwa kipinde ili fremu ipone. Boksi likiangushwa kwa upande wa kulia, kipande kile kinapinda, na baiskeli inafika ikiruka gia, au mbaya zaidi mashine inaingia kwenye spoku ukipanda mlima. Dawa yake ni kuifungua kwa alenki ya 5, kuivika kitambaa na kuifunga ndani ya pembetatu ya nyuma ya fremu, mnyororo ukiwa umening'inia nayo.

Gurudumu la mbele likitoka, miguu ya uma unaolishika inabaki wazi, na uzito wa mizigo mingine unaweza kuibana. Kwa hiyo huwekwa kipande cha plastiki cha upana wa milimita 100, nacho hupatikana bure duka lile lile la boksi. Breki zangu ni za diski na mafuta, kwa hiyo kati ya pedi nitaingiza kadibodi ngumu. Ukifungua boksi, usiminye breki kabla ya gurudumu kurudi! Pedi zitagusana, na kuzitenganisha ni kazi ya bisibisi pana na uvumilivu.

Kuhusu upepo, watu husema tairi litapasuka angani. Chumba cha mizigo nacho hushindiliwa hewa kama cha abiria, na shinikizo halishuki zaidi ya lile la mita 2,400 hivi, yaani kati ya geti la Marangu na kituo cha Mandara, njiani kupanda Kilimanjaro. Tairi lenye upepo wa baa 4 (baa ni kipimo cha shinikizo) halitapasuka kwa hilo. Hata hivyo mashirika mengi hutaka upepo upunguzwe, nami nitaacha kiasi cha baa 1 au 2. Usitoe wote, kwani tairi laini kabisa halilindi rimu boksi likidondoshwa.

Nafasi tupu ndani ya boksi ni adui. Kitu kinachotikisika ndicho kinachotoboa kadibodi, na tundu dogo linatosha kupoteza ekseli. Nitajaza hema na mfuko wa kulalia pembeni, na vitu vidogo vyote vitakuwa katika mfuko mmoja wa kitambaa uliofungwa kwenye fremu. Utafute hapo kwanza. Baiskeli ina kilo 15, boksi kama 4, kwa hiyo nafasi iliyobaki ni kilo 4 tu kufikia 23 zinazoruhusiwa.

Mtungi wa gesi wa jiko hauruhusiwi kabisa, hata ukiwa mtupu. Nimeuacha hapa kambini. Betri ya akiba ya simu inakuja mkononi, si kwenye boksi. Yangu ina mAh 20,000, ambazo kwa volti 3.7 ni saa-wati 74, na kikomo cha kawaida ni 100. Spana na visu vyote vinaingia kwenye mzigo wa chini.

Tukifika, tutafungua boksi pale pale uwanjani kama lina tundu au limekunjwa kona. Ikionekana imevunjika, tuandikiwe ripoti kabla hatujatoka. Mkataba wa Montreal wa 1999 unatoa siku 7 za kulalamika kwa maandishi kuhusu mzigo ulioharibika, lakini ripoti ya pale pale ina nguvu zaidi. Nitakuwa na picha, risiti, na namba iliyopigwa chini ya fremu. Hizo zitafaa pia forodha wakiuliza.

Nyumbani, tazama uma usigeuke nyuma mbele: breki ya diski iko kushoto. Usukani ukirudi, kaza bolti zake nne kwa kupokezana kwa msalaba, kidogo kidogo. Na kama nguzo ya usukani imelegezwa, bolti ya juu inakazwa kwanza mpaka mchezo (kule kulegea) uishe, kisha zile za ubavuni. Shika breki ya mbele, sukuma mbele na nyuma. Ukihisi mchezo mdogo, legeza za ubavuni uanze upya.

Nina ombi moja kabla ya Alhamisi. Waulize mafundi wa sokoni kama wana tairi la 622 (kipenyo cha rimu kwa milimita), siyo 28 tu. Zile baiskeli zetu za kubebea migomba pia huitwa 28, lakini rimu zake ni 635, na tairi lake haliwezi kukaa kwenye rimu yangu. Kama hawana, nijulishe kesho nilete mawili kutoka hapa. Tyubu nazo nitaleta nne, pamoja na kichwa cha shaba cha kugeuza valvu nyembamba ikubali pampu ya kituo cha mafuta.

Mama, usinisubiri na chakula, maana tutafika usiku sana. Mtori ukibaki, uniwekee.

Wasalimieni wote Kibosho.

Mwanenu