Bunduki iliyoletwa na posta

Ndugu Mhariri,

Kila yanapokumbukwa mauaji ya Rais John F. Kennedy wa Marekani, watu hubishana kuhusu idadi ya risasi na waliokuwa nyuma ya tukio, lakini ni wachache wanaouliza bunduki ile ilipatikanaje. Naomba nafasi nilizungumzie hilo.

Mwezi Machi 1963, Lee Harvey Oswald, mtu aliyetajwa kuwa ndiye muuaji, alijaza kuponi ya tangazo la jaridani kwa jina bandia la A. Hidell, akaambatisha hawala ya posta ya dola 21.45, na duka moja la Chicago likamtumia Dallas, kwa sanduku la posta, bunduki ya Carcano iliyotumiwa na jeshi la Italia, ikiwa imefungwa darubini. Silaha za namna hiyo zilikuwa masalio ya vita, na ndiyo maana ziliuzwa kwa bei ya kutupwa. Hakuna muuzaji aliyemtazama mnunuzi usoni.

Kinachoniuma zaidi ni muda uliopotea. Seneta Thomas Dodd alikuwa amekwisha kuwasilisha muswada kuhusu bastola za posta kabla ya Kennedy kuuawa Novemba 1963, lakini sheria ya kuzuia bunduki kuuzwa hivyo kwa posta ilipatikana Oktoba 1968, baada ya Martin Luther King na Robert Kennedy nao kuuawa kwa risasi.

Wakusanyaji wenye leseni bado wanaruhusiwa kuagiza bunduki kongwe, nami silipingi hilo, kwa kuwa majina na anwani zao zinajulikana. Ninachokipinga ni dai kwamba kumtaka mnunuzi ajitambulishe ni kumnyima uhuru.

Msomaji wako,
Morogoro