Barua ya wazi: Kamba ya ng'ombe ningeishika na nini?

Kwa Mkuu wa Idara ya Maafa,

Yah: Kituo cha hifadhi kisichopokea mifugo

Mheshimiwa,

Ujumbe wenu wa tahadhari ulinifikia giza likiingia, mvua imeshaanza kupiga bati. Ulitutaka sisi wa mabondeni tuhamie kituo cha hifadhi mara moja. Sina ubishi na ujumbe wenyewe, maana maji yalikuja kama mlivyosema. Ubishi wangu uko kwenye hesabu.

Nalea watoto watatu peke yangu. Mkubwa ana miaka tisa, wa kati sita, na wa mwisho hajatimiza mwaka. Bandani kulikuwa na ng'ombe mwenye mimba kubwa, mbuzi watano, na kuku ambao idadi yao wanaijua wenyewe. Usiku ule mdogo alikuwa mgongoni, wa kati nimemshika mkono, mkono wa pili una tochi. Mkubwa alibeba begi la nguo na vyeti. Sasa niambie, Mheshimiwa, kamba ya ng'ombe ningeishika na nini?

Nikawaacha mifugo wamefungwa, nikijua nitawarudia. Langoni pa kituo nikamuuliza kijana wa zamu kama nikishawaingiza watoto naweza kuleta na wanyama. Hakuwa mkali. Alitazama karatasi yake, akasema hawaruhusiwi. Akauliza na mama wa watoto yuko wapi, swali ambalo nimezoea kulijibu kwa kunyamaza.

Mnyama aliyefungwa kwenye maji yanayopanda hana pa kwenda. Ng'ombe anaogelea vizuri tu akiwa huru. Kinachomuua ni kamba, na kamba zile nilizifunga mimi. Ndipo nikafanya jambo ambalo hadi leo sijalitolea maelezo mbele ya mwanangu: nilimfunga mdogo wake mgongoni, nikamshikisha na yule wa kati, nikamwambia, "Msitoke hapa mpaka nirudi." Mtoto wa miaka tisa. Akaitikia, "Ndiyo baba," kama niliyemtuma dukani.

Nyinyi wenyewe hutufundisha kwamba maji ya kasi yenye kina cha sentimita 15 tu yanaweza kumwangusha mtu mzima, na ya sentimita 30 yanaweza kuielesha gari ndogo na kuiondoa njiani. Nililijua hilo nikiwa ndani ya maji yanayokaribia magoti, kisu mkononi. Nilikata kamba moja baada ya nyingine. Ng'ombe hakunisubiri; alipanda mwinuko peke yake, mbuzi wakamfuata. Tenga la kuku sikuliona tena. Siku ya nne mbuzi mmoja alikufa kwa kichomi, kwani mbuzi na kulowa ni maadui wa siku nyingi.

Kama ningesombwa, taarifa yenu ingesema mkaidi mmoja alirudi kufuata mbuzi. Watoto watatu wangebaki langoni kwenu, wakitii amri yangu ya kutotoka.

Wala ukaidi huu, kama ndio jina lake, si wangu peke yangu. Kimbunga Katrina kilipoipiga Marekani mwaka 2005, wapo watu waliokataa kuondoka majumbani kwa sababu mbwa na paka wao hawakuwa na pa kupokelewa. Mwaka uliofuata ikapitishwa sheria ya kutaka mipango ya dharura iwafikirie wanyama wa nyumbani. Ng'ombe hawakutajwa, lakini angalau mtu alishaelewa kwamba anayeacha mnyama nyuma huacha na sababu ya kurudi. Bangladesh, nchi ambayo kimbunga cha Novemba 1970 kiliua watu wasiopungua 300,000, walikwenda mbali zaidi: walijenga vilima vya udongo vya kupandishia mifugo maji ya bahari yanapofurika. Ni udongo tu ulioinuliwa.

Sikuombi kilima. Naomba kwanza ujumbe uje mchana, kila utabiri unaporuhusu. Nyumba yenye watu wazima wawili huhama kwa safari moja. Mimi nahitaji mbili, na ile ya pili ndiyo ya hatari. Kuna wenzangu wengi wa namna hii, wajane, wenye wenza walio safarini, mabibi wanaolea wajukuu, na sidhani kama ofisi yako inayo orodha yetu. Ikiwapo, mtu mmoja wa kujitolea anaweza kupita mapema akashika kamba tu, asishike kingine.

La pili ni ule uwanja ulio nyuma ya kituo. Uko juu, mifereji yake inapitisha maji, na hautumiki kwa lolote ila kuanikia nguo. Uko mbali vya kutosha na visima na vyoo, kwa hiyo hofu ya kinyesi na magonjwa, ambayo naikubali kabisa, ina jibu. Nguzo ninazo. Waya ninao. Majirani wanne wamekubali kuchimba mashimo Jumamosi yoyote utakayotaja.

Kinachokosekana ni sahihi yako, na mstari mmoja kufutwa kwenye karatasi ya yule kijana wa langoni. Ng'ombe, ukipenda kujua, alizaa salama. Ndama bado hajafungwa kamba.

Wako mtiifu,
Baba wa watoto watatu, bondeni