Matembezi ya Sipi yapangwe kuikwepa saa ya mvua

Ndugu Mhariri,

Desemba haiko mbali, na mwezi huo hutuletea huku Kapchorwa, mashariki mwa Uganda kwenye miteremko ya Mlima Elgon, wageni wengi kutoka Kenya na Tanzania. Wamekuja Uganda kwa harusi, mkutano au kusalimia ndugu, wakabakiwa na siku mbili tatu za kujitembelea. Wengi siku hizo huwaponyoka mikononi. Pesa wanazo na miguu wanayo, ila matembezi wameyaweka siku ya mwisho, tena mchana. Kurasa za utalii za magazeti yetu huwaonyesha picha ya maporomoko ya maji ya Sipi bila kuwaambia ilipigwa saa ngapi. Hilo la saa ndilo tunaloomba nafasi tulieleze, sisi tunaoongoza wageni mlimani.

Jua la asubuhi likishapasha moto miteremko ya Elgon, hewa yenye unyevu hupanda, hupoa huko juu na kuwa wingu. Mara nyingi kufikia saa tano ukingo wa mlima umeshafunikwa, na katika miezi ya mvua maji huanza kumwagika kuanzia saa nane hivi. Sasa mtazame mgeni aliyelala Mbale, mji ulio chini ya mlima: anakunywa chai taratibu, anangoja teksi ya abiria ijae, anafika Sipi saa tano. Mandhari ya tambarare za chini, ambayo ndiyo iliyomleta, imeshazibwa. Akianza kushuka saa saba baada ya chakula, mvua itamkuta bondeni. Dawa yake ni kulala Sipi penyewe na kuanza kutembea saa moja asubuhi. Kutoka Mbale ni mwendo wa saa moja na ushei tu, kwa hiyo panda jioni ya siku ya kufika.

Maporomoko ya Sipi ni matatu, na lile refu zaidi lina karibu mita 100. Kuyazunguka yote matatu ni kazi ya saa nne hivi kwa mtu wa kawaida anayepumzika njiani. Tunashauri uanze na lile la chini, hata kama wenzako wanataka kuanza juu kwa sababu ni rahisi. Njia ya kulifikia hushuka ghafla kati ya migomba na mikahawa, na penye mwinuko mkali kuna ngazi. Magoti yaliyochoka ndiyo huangusha watu kwenye udongo wa mfinyanzi, tena wakati wa kushuka, si wa kupanda. Basi mteremko huo umalize miguu ikiwa bado mizima.

Viatu ndivyo huharibu matembezi kuliko kitu kingine chochote. Raba za mjini zenye soli laini hazina cha kushikilia udongo ukilowa. Kama huna viatu vya kupandia vyenye meno, nunua gambuti sokoni Mbale, zile wanazovaa wakulima, na soksi nene za kuzuia malengelenge. Chukua fimbo, koti la mvua, na maji lita mbili kwa kila mtu. Sweta pia: Sipi iko juu ya Mbale kwa zaidi ya mita 600, na joto hupungua nyuzi kama 6 kwa kila mita 1,000 unazopanda. Anayetoka Mombasa au Dar es Salaam ataihisi tofauti hiyo usiku wa kwanza.

Maporomoko yako nje ya hifadhi ya taifa, na vijia hupita katika mashamba ya watu. Wenye mashamba hutoza ada ndogo ndogo, na ugomvi mwingi wa wageni na waongozaji huzaliwa hapo. Kabla hamjaondoka, muulize mwongozaji wako waziwazi kama bei mliyopatana imejumuisha ada hizo. Akisita kujibu, tafuta mwingine. Siku ya pili unaweza kwenda Kapkwai, ndani ya Hifadhi ya Mlima Elgon, ambako kuna njia za mzunguko za saa chache, nyingine zikipita kwenye mianzi. Huko utalipa kiingilio. Raia wa Afrika Mashariki hutozwa kidogo kuliko mgeni wa kutoka mbali, ila lazima uonyeshe kitambulisho, kwa hiyo usikiache hotelini. Kilele cha Wagagai, mita 4,321, kiondoe kwenye hesabu kabisa. Hicho ni safari ya siku nne hivi kwenda na kurudi, ingawa kila msimu yupo anayeuliza kama atarudi kabla ya chakula cha jioni.

Kuhusu msimu, watu husema kiangazi, wakaishia hapo. Januari na Februari vijia ni vikavu, lakini vumbi na moshi wa nyasi zinazochomwa huifanya tambarare ionekane kama iko nyuma ya pazia, na maji ya maporomoko hupungua. Kwetu sisi, Desemba ni bora: mvua imeshasafisha hewa, mto bado umejaa, na ardhi imeanza kukauka. Asubuhi inayofuata usiku wa mvua ndiyo hutoa mandhari safi kuliko zote. Aliye na siku moja tu huenda asiipate, ndiyo maana tunasisitiza siku mbili mahali pamoja.

Kosa jingine ni kudhani lazima kila kitu kianzie Kampala. Mkenya anayeingilia Malaba yuko jirani na Tororo, na kutoka Tororo hadi Mbale ni kilomita 45 hivi. Akienda kwanza Kampala atarudi njia ile ile, zaidi ya kilomita 200, kuja kutafuta alichokipita. Mtanzania anayeingilia Mutukula afikirie Kabale na Ziwa Bunyonyi, kusini magharibi mwa Uganda, kwa kupitia Masaka na Mbarara. Huko saa nzuri ya kutembea hubadilika kidogo: ukungu hulala ziwani asubuhi na huondoka kama saa tatu au nne, basi kupanda vilima kwa ajili ya kutazama visiwa kungoje muda huo. Kuunganisha Sipi na Bunyonyi ndani ya siku tatu ni kununua viti vya basi tu, maana kutoka Mbale hadi Kabale kupitia Kampala ni zaidi ya kilomita 600.

Wapo wanaotaka Mlima Muhabura, karibu na mji wa Kisoro huko huko kusini magharibi, mita 4,127, unaopandwa na kushukwa kwa siku moja. Asiupande mtu aliyetoka pwani jana yake. Hewa ya huko ni nyepesi, na kichwa kikianza kuuma pamoja na kichefuchefu, tiba ni kushuka. Jua pia huchomoza Kisoro kama dakika 40 baada ya Mombasa, kwa hiyo saa kumi na mbili asubuhi bado ni giza. Uwe kwenye lango la hifadhi kunapopambazuka, na mkubaliane na mwongozaji saa ya kugeuka hata kama kilele kinaonekana.

Acha siku moja tupu kabla ya basi au ndege ya kurudi. Miteremko ya Elgon huporomoka mvua ikizidi: Bududa mwaka 2010 na 2018, Bulambuli Novemba 2024. Watu walikufa, na barabara huweza kufungwa bila taarifa. Mvua ikinyesha usiku kucha, usivuke mto uliofurika wala usipite chini ya mteremko ulioanza kupasuka, hata kama umeshalipia matembezi.

Mwisho ni karatasi. Mkenya huvuka kwa kitambulisho cha taifa. Mtanzania abebe pasipoti. Cheti cha chanjo ya homa ya manjano huanza kuhesabika siku ya 10 baada ya sindano, na siku hizi hudumu maisha yote. Anayetaka kuwa Sipi siku ya Krismasi awe ameshachanjwa kabla ya tarehe 10 Desemba.

Waongoza wageni,
Sipi, Kapchorwa, Uganda