Mteja Asiwe wa Kwanza Kukuambia Kwamba Seva Imezima

Simu nyingi tunazopokea Jumatatu asubuhi huanza kwa maneno yaleyale: mfumo haufunguki, na wateja wamejaa kaunta. Tukifika na kukagua, mara nyingi tunakuta kwamba tatizo halikuanza Jumatatu, bali lilianza wiki kadhaa kabla na kukua kimyakimya mahali ambapo hapakuwa na mtu wa kutazama. Makala haya yanaeleza huduma yetu ya kufuatilia mitandao, seva na mifumo ya kazi kwa kutumia programu huria, pamoja na mambo ambayo huduma hiyo haitaweza kuyafanya pasipo ushiriki wa mteja mwenyewe.

Tuanze na kisa kimoja. Chama cha akiba na mikopo tunachokihudumia kilipatwa na msukosuko siku ya mwisho wa mwezi, pale kanzidata yake iliposimama huku wanachama wakiwa kwenye foleni. Diski ya GB 500 ilikuwa imejaa pomoni. Kila usiku saa nane, programu ndogo iliyoandikwa na fundi aliyetutangulia ilitengeneza nakala rudufu ya kanzidata na kuiweka kwenye diski hiyohiyo, wala haikuwahi kufuta nakala ya zamani hata moja. Tulikuta nakala zaidi ya 140, kila moja ikiwa na takriban GB 3. Kuzifuta kulichukua dakika kumi, lakini kuirejesha kanzidata katika hali salama na kuhakiki miamala iliyokatikia njiani kulitushikilia hadi saa tisa alasiri. Hesabu yenyewe ni ya mtoto wa shule ya msingi: ukijua nafasi iliyobaki na kiasi kinacholiwa kila usiku, unajua siku ambayo diski itajaa. Ilikosekana mashine ya kuifanya hesabu hiyo kila siku na kumwambia mtu.

Mashine hiyo, kwa wateja wetu wengi, ni Zabbix, programu ambayo Alexei Vladishev alianza kuiandika nchini Latvia mwaka 1998 na kuitoa kwa umma mwaka 2001. Ndani yake mna kanuni inayotazama mwenendo wa diski na kukadiria muda uliobaki kabla haijajaa, kwa hiyo arifa haisubiri asilimia 95 ifike. Inaweza kuja siku kumi kabla, mchana kweupe, wakati fundi yuko ofisini. Msimbo wake uko wazi na hakuna ada ya leseni kwa kila kifaa, jambo ambalo lina uzito kwa duka lenye matawi sita linalotaka kuongeza la saba. Hata hivyo, tunapenda mteja aelewe tangu mwanzo kwamba huria si sawa na bure, kwa kuwa mtu lazima aifunge, airekebishe, aisasishe na kuijibu inapoita, na kazi hiyo ndiyo tunayoitoza.

Zabbix si chaguo pekee. Nagios ilitangulia kupata umaarufu na bado inafanya kazi katika ofisi nyingi. Prometheus, iliyozaliwa katika kampuni ya SoundCloud mwaka 2012, tunaipendekeza kwa wateja ambao programu zao zinaendeshwa juu ya Kubernetes (mfumo wa kugawa na kuendesha programu kwenye seva nyingi), ambako vitu vinavyofuatiliwa huzaliwa na kufa kila saa. Mwenye swichi na ruta peke yake anaweza kutosheka na LibreNMS. Wapo pia wanaotuomba Grafana, programu ya kuchora takwimu, kwa sababu wameona michoro yake ikimetameta kwenye ukuta wa ofisi fulani; huwa tunawafungia, ila hatujawahi kuona mchoro uliomwamsha mtu usingizini.

Kwa upande wa mtandao, vifaa vingi huulizwa kwa lugha ya SNMP, ambayo vifaa hivyo huitumia kutoa takwimu zao, na hapa pana mtego ambao tumeukuta zaidi ya mara moja. Kaunta ya zamani ya kuhesabu data inayopita kwenye mlango wa swichi ina ukubwa wa biti 32, maana yake ni kwamba ikifika takriban GB 4.3 inarudi sifuri na kuanza upya. Mlango wa gigabiti moja ukitumika kikamilifu huijaza kaunta hiyo kwa sekunde 34 hivi. Kama mfumo unasoma kila baada ya dakika tano, kaunta itakuwa imezunguka mara kadhaa bila kuonekana, na mchoro utaonyesha mtandao uliopoa kumbe watu wanalalamika kwamba umejaa. Dawa ni kusoma kaunta za biti 64, ambazo swichi nyingi zinazosimamiwa zinazo. Tukiwa hapohapo, hubadilisha pia neno la siri la kiwandani, ambalo mara nyingi ni «public», na kutumia toleo la tatu la SNMP panapowezekana, kwa sababu matoleo yaliyotangulia husafirisha neno hilo waziwazi.

Mifumo ya kazi inahitaji uangalifu wa aina nyingine. Seva inaweza kuwa hai, kichakataji chake kimetulia na ukurasa wa kwanza unafunguka vizuri, ilhali mteja akibonyeza kitufe cha kulipa hakuna kinachotokea. Kwa hiyo huuelekeza mfumo upite njia anayopita mtumiaji: uingie kwa akaunti ya majaribio, ufungue ukurasa wa ankara, utafute neno linalotakiwa kuwapo, na upime sekunde zilizotumika. Vyeti vya usalama vya tovuti navyo hufuatiliwa, maana vinavyotolewa na shirika la Let's Encrypt huisha ndani ya siku 90 au chini ya hapo, na utaratibu wa kuvihuisha wenyewe kwa wenyewe ukikwama huwa hausemi.

Sasa tuseme kosa letu wenyewe. Miaka ya mwanzo tulikuwa tukifunga violezo vyote, yaani vipimo na arifa zilizoandaliwa tayari ndani ya programu, kama vilivyokuja, tukiamini kwamba arifa nyingi ni ulinzi mwingi. Katika shule moja mfumo ulituma jumbe zaidi ya mia mbili kwa siku kwenye kundi la Telegram: kichapishi kimezimwa, kichapishi kimewashwa, kompyuta ya maabara haipatikani. Baada ya wiki mbili mhasibu alinyamazisha kundi, mwalimu wa TEHAMA akafuata, na ruta kuu ilipozima siku ya Ijumaa hakuna aliyeona. Tangu hapo tunaanza na arifa chache, pengine kumi na tano kwa ofisi nzima, na kila moja lazima ijibu swali hili: anayeipokea afanye nini? Isiyo na jibu inabaki kwenye takwimu, haipigi simu ya mtu. Vilevile tunaueleza mfumo nani anamtegemea nani, ili ruta ikizima uje ujumbe mmoja wa ruta, badala ya jumbe arobaini za vifaa vilivyo nyuma yake.

Linabaki suala la mlinzi mwenyewe. Seva ya ufuatiliaji iliyo katika chumba kilekile, ikitegemea umeme uleule, itanyamaza pamoja na vingine umeme ukikatika. Kwa sababu hiyo tunakodi seva ndogo nje ya ofisi, inayosubiri salamu kutoka kwa ile ya ndani na kupiga kelele isipozipata kwa dakika tano. Tunapendelea iwe hapa nchini. Tarehe 12 Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipopata hitilafu na intaneti ikazorota Tanzania, Kenya na kwingineko, mlinzi aliyeko Ulaya angeweza kutangaza kwamba ofisi ya Dar es Salaam imekufa, hali ndani mashine zote zinafanya kazi.

Ziara ya kwanza huchukua nusu siku. Tunaomba orodha ya vifaa, hata ikiwa imeandikwa kwa kalamu na haijakamilika, na mashine yenye kumbukumbu ya GB 8, ambayo inatosha kwa vifaa ishirini au thelathini. Neno la siri la msimamizi linabaki kwa mteja, pamoja na maelezo ya kutosha ili fundi mwingine aweze kuendelea iwapo tutaachana. Kisha tunaomba majina mawili: la mtu atakayepokea arifa saa nane usiku, na la wa pili atakayepigiwa baada ya dakika kumi na tano ikiwa wa kwanza hajajibu. Majina hayo yasipokuwapo, hatuanzi kufunga chochote.